Neno la Kumuaga Tate

Kicheko cha mgonjwa kilisikika nyuma ya pazia kabla Fulgence hajavua viatu mlangoni. Alikasirika. Bibi yake, ambaye wajukuu walimwita Tate na waganga wa hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani afie kwake, anachekaje?

Alimkuta bibi Scholastique kitandani, amekonda, macho makali kama zamani. Tangu asubuhi watoto na wajukuu waliingia mmoja mmoja kumuaga, kuomba msamaha na kubarikiwa, desturi waliyotoka nayo Djugu walipokimbilia Bunia. Fulgence peke yake alikuwa amegoma. Kikundi chake cha maombi kilifundisha kwamba anayemuaga mgonjwa amemkabidhi kwa kifo.

"Tate, miye siwezi kukuaga," alisema kwa nguvu. "Nakuombea upone, na utapona!"

"Weye uko na kichwa nguvu kama mbuzi ya Bogoro," bibi akamjibu. "Niambie: Yesu alipojua saa yake imefika, aliwaficha wanafunzi? Hakukaa nao ku meza, akawaambia anaenda?"

Fulgence alisogea karibu na kitanda. Jibu alilijua, nalo lilimchoma.

"Basi imani yako inapita yake? Miye naenda kwa Baba, mutoto yangu. Usiniache niende bila neno yako."

Fulgence akapiga magoti. Mkono mwepesi ukatua kichwani pake, akabarikiwa kwa jina la Bwana.

"Kwaheri, Tate," alisema. "Unisamehe kiburi yangu. Siku ya kukuzika, siye hatutalia kama watu wasio na tumaini. Miye mwenyewe nitaanzisha wimbo kwenye kaburi. Nakuahidi."