Pikipiki Nambari Kumi na Nne

Hii utasema nimetunga, lakini skiza tu. Molo, mwaka wa hamsini na nane, mtu alipoteza nyumba yake kwa sababu alifanya kazi vizuri. Ndio, vizuri!

Huyo mtu ni Hezekiah Kipketer, fundi wa trekta kwa shamba la mzungu mmoja, wafanyakazi walikuwa wanamuita Bwana Baridi. Shamba lilikuwa linauzwa, na maskwota wote, wale wafanyakazi walioishi na kulima hapo bila hati, wameambiwa wahame Jumatatu. Hezekiah alizaliwa hapo. Babake amezikwa hapo. Aende wapi?

Sasa wakitoa magunia ya pareto kwa stoo, wakapata pikipiki kuukuu, kuku wametaga kwa kiti. Bwana Baridi akaizunguka mara tatu.

"Heseki, hii naweza kuwa moja ya zile ya kwanza kabisa. Jumamosi nakuja bwana moja ya Nairobi, yeye najua hii kitu. Kama yeye nasema ni moja ya hizo, yeye nanunua, na mimi naandika barua kwa bwana nachukua shamba: wewe nakaa kwa nyumba yako, hakuna mtu nagusa. Tengeneza!"

Tengeneza. Kwa hilo shamba mashine zilikaguliwa kila Ijumaa, na trekta yako ikipatikana na kutu, wiki hiyo hakuna posho ya unga. So Hezekiah akatengeneza, siku tatu. Tangi lilikuwa limeshikwa na ribiti za shaba, vile vipini vya kugongwa na nyundo, zimekaa ovyo kama meno ya mzee. Akang'oa zote, akachomelea, akapiga tupa mpaka laini. Nambari ya injini, 14, iligongwa na mkono, ile nne imelala upande. Akaifuta, akagonga ingine, imesimama wima kama askari. Rangi nyeusi juu. Waah, iling'aa!

Wamalwa, dereva wa lori ya viazi, akamtania: "Fundi, na hiyo utaoa bibi wa pili."

"Wacha bibi yangu Chelagat akusikie! Utakula kwa nani tena?"

Jumamosi mgeni akafika, moja kwa moja kwa tangi. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Ribiti wapi?"

"Nilitoa, Bwana. Zilikuwa mbaya."

"Na nambari?"

"Ilikuwa imepinda. Nimenyoosha."

Mgeni akakaa chini kwa vumbi na suti yake. Akaeleza polepole: zile ishirini za kwanza ziliundwa kwa mkono, kabla kiwanda kipate mashine za kuchomelea na za kugonga nambari. Ribiti na ile nne iliyolala, hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi. Hakuna mwingine.

Hezekiah akakimbia, akarudi na ribiti kwa mkebe. "Hizi hapa! Zote kumi na moja! Naweza rudisha, Bwana, leo leo!"

"Ribiti ni ribiti tu. Sasa nani naamini?"

Akaenda zake. Bwana Baridi hata hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Alivaa kofia tu. "Jumatatu, Heseki."

Nyumbani akampata Chelagat shambani anapanda minji, kwa sababu asubuhi Hezekiah mwenyewe alimwambia barua ni kama wako nayo. Chelagat akanyoosha mgongo, anatabasamu, udongo mpaka kwa viwiko.

"Baba Zeddy! Wamesema aje? Nimebakisha mistari miwili tu."

Hezekiah akaangalia hiyo mistari miwili. Jembe la pili lilikuwa hapo kando.

Sasa niambie wewe: ungemwambia hapo hapo, ama ungeshika jembe mmalize kwanza?