Gantt Apanda Jukwaani

Alasiri ile, katika mkutano wa chama chetu cha kupinga utumwa, tulikuwa tunajadili, kwa mara nyingine, kama ni halali kutumia nguvu dhidi ya anayekuja kumkamata mtumwa aliyetoroka. Dada yangu Dorcas, aliyetoroka Virginia, alikuwa katika chumba cha nyuma cha ukumbi akingoja gari la farasi limpeleke ziwani, avuke kwenda Kanada.

"Ngumi haijawahi kubadili moyo wa mtu," alisema Elnathan, muuza viatu, mzungu mpole.

"Ndugu Elnathan, mimi sitaki moyo wake. Nataka aondoe mikono," alijibu Tolliver, mhunzi, mweusi kama mimi. Watu wakacheka, Elnathan pia.

Mara akaingia Gantt, mkamata watumwa, pamoja na askari wa mji.

"Nina hati. Yuko wapi?"

Nikashika nyundo yangu ya kutengenezea mapipa ndani ya koti. Bi Thankful, mwenyekiti, akagonga meza.

"Bwana, hapa kila mtu ana haki ya kusema, hata adui yetu. Panda jukwaani utujibu. Au unaogopa wanawake?"

Hakuwa anamtega. Ndiyo ilikuwa desturi ya chama chetu, na Bi Thankful hakuwahi kuivunja. Mimi nilimwona kama amerukwa na akili.

Askari akacheka. "Waoneshe, Gantt!"

Gantt akapanda. Alieleza Maandiko, mali ya watu na utovu wetu wa shukrani. Kila alipochoka, Elnathan aliinua mkono kwa adabu: "Swali moja tu, bwana." Naye akaanza upya. Nilipogeuka, kiti cha Tolliver kilikuwa kitupu.

Gantt alipokumbuka kazi yake, chumba cha nyuma hakikuwa na mtu. Bi Thankful alimshukuru kwa mchango wake.

Asubuhi Tolliver aliingia kwangu, matope hadi magotini. Elnathan alikuwa ameshafika.

"Amevuka. Nimemwona melini kwa macho yangu. Kaka, kuna chakula?"

Niliwasha moto jikoni.

"Umeona?" alisema Elnathan. "Bila hata kofi."

"Pale darajani mtu alishika hatamu za farasi wangu. Aliziachia alipoona bastola."

"Hukuipiga."

"Kwa sababu aliiona!"

Niliwakaangia mayai na nyama ya nguruwe. Walibishana hadi sufuria ya kahawa ikaisha, nami nikachemsha nyingine.