Bibi Aliyepangiwa Vyumba Viwili

Usiku wa jana niliota sufuria ameniita ofisini kwake nikaieleze orodha yangu.

Kuitwa hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba ofisi yenyewe ilikuwa duka la fotokopi ninalofanyia kazi, hapa hapa Ngamiani, ila ukuta wa nyuma tunakotundika kalenda haukuwepo. Mahali pake palikuwa na korido ndefu yenye milango sita. Juu ya milango pameandikwa: Mapigano. Mapenzi. Kutisha. Waliozaliwa Upya. Mwisho Mwema. Huzuni. Mwandiko ulikuwa wangu.

Inabidi nieleze. Mimi ni mtu wa anime, zile katuni za Kijapani. Kila msimu ukiisha naandika orodha ya zilizonipendeza, nazipanga kwa aina zake, ya kwanza mpaka ya tatu, naiweka kwenye kundi letu la simu lenye watu arobaini na mmoja. Watu wanatukanana siku mbili, halafu tunasubiri msimu mwingine. Ndiyo starehe yangu, na sioni kama inamdhuru mtu.

Sufuria alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Nilimjua mara moja. Alitoka katika *Jenerali Aliyezaliwa Upya Kuwa Sufuria*, nafasi ya pili, aina ya Waliozaliwa Upya. Alikuwa na nyota tatu begani, ingawa bega sikuliona.

"Shikamoo, afande," nikasema.

"Nafasi ya pili," akajibu. "Nimepigana vita saba sina hata mpini. Nafasi ya pili!"

"Ushindani ulikuwa mkubwa sana msimu huu, afande."

Hapo ndipo nilipoligundua balaa langu. Nikisema neno, maandishi ya njano yanatokea hewani mbele ya kiuno changu, kama yale yanayopita chini ya skrini. Mimi nimesema ushindani ulikuwa mkubwa. Maandishi yanasema: *Aliangalia vipindi viwili. Cha tatu alisinzia.*

Sufuria aliyasoma taratibu mpaka mwisho. Nilijaribu kuyafunika kwa mtandio, yakapita juu ya mtandio. Na nyuma yangu nikasikia kitu kikiburuzwa. Nikageuka. Korido ilikuwa imefupika kwa hatua kama kumi.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Njia ya mwongo fupi," akasema sufuria. "Hukufundishwa shule? Sasa sikiliza, raia. Hayo ya usingizi nakusamehe. Nimekuitia *Supu ya Stesheni*."

*Supu ya Stesheni* ni hadithi ya Bibi Hanae, ajuza anayeuza supu ya tambi kwenye stesheni ya treni, yeye na mjukuu wake. Vipindi kumi na viwili, hakuna upanga hata mmoja. Nimeiangalia pamoja na mama, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anaona rangi na watu wanaotembea, basi. Maandishi hayaoni, na hata angeyaona ni ya Kiingereza. Kwa hiyo mimi namsomea kwa Kiswahili, na sauti naigeuza: ya bibi, ya mjukuu, ya mkuu wa stesheni. Mama alimpenda yule bibi kama jirani yake wa ukutani.

Kipindi cha kumi na moja Bibi Hanae akapelekwa hospitali kupasuliwa moyo. Cha kumi na mbili sikuweza kusubiri. Nilikiangalia Ijumaa dukani peke yangu, na machozi yakadondokea cheti cha mtu nilichokuwa naenda kukitia plastiki. Bibi alikufa. Jumapili mama alipokaa kwenye mkeka na kuuliza, "Enhe, yule bibi?" nikamwambia simu haina bando, ila nimesoma mahali, amepona.

"Kapona!" mama akasema. Akainuka akaenda kumwambia Bi Zaina wa mlango wa pili.

Sasa, mama alikuwa amekataa kupasuliwa macho miaka miwili mizima. Alisema kisu hakimjui mtu. Jioni ile ile akaja chumbani kwangu akaniambia, "Bikizee wa watu kapasuliwa moyo na yuko jikoni kwake. Mimi kijicho kitanishinda? Kaniandikishe." Nikamwandikisha. Siku yake ni leo, saa mbili asubuhi. Na mimi kwenye orodha yangu, mbele ya watu arobaini na mmoja, nimeandika: Huzuni, nafasi ya kwanza, *Supu ya Stesheni*.

"Hadithi moja haikai vyumba viwili," alisema sufuria. "Kwenye orodha umemweka Huzuni. Nyumbani kwenu umemweka Mwisho Mwema. Bibi wa watu anachanika. Chagua chumba."

"Nikishindwa?"

"Utapewa vipindi vitatu, kwa sheria yako mwenyewe. Si wewe usemaye kwamba kitu kisichokushika kwa vipindi vitatu unakiacha? Na sisi tutakuacha."

Sikuuliza wataniachia wapi.

Tunafungua mlango wa Mwisho Mwema. Kabla hatujaingia wimbo unaanza. Ni wimbo wa kufungulia, dakika moja na nusu, na huku haurukiki. Inatubidi tusimame tukitazama mbinguni huku upepo unatupiga usoni. Mtandio wangu unapepea. Sufuria hana nywele, kwa hiyo anafunuliwa mfuniko. Nataka kumwambia kwamba saa zinakwenda, mama ana miadi, lakini mdomo haufunguki mpaka wimbo uishe.

Ndani mna stesheni. Bibi Hanae anakoroga supu. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania, ananifika kifuani.

"Nimepona," akasema.

"Alhamdulillah, bibi."

"Nimepona," akasema tena. Anakoroga. Treni inaingia, watu hawashuki, treni inatoka. "Nimepona."

"Hasemi kingine?" nikamuuliza sufuria.

"Ulimpa kingine?"

Nikakumbuka. Kweli, mwisho wangu ulikuwa na neno moja tu. Bibi alikuwa anakoroga tangu Jumapili ile, wiki tatu sasa, na mkono ulikuwa umemvimba mpaka kwenye kiwiko. Nilimwonea huruma nikaona aibu. Nikamwambia apumzike kidogo. Akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo refu.

"Nimepona," akasema, machozi yakamtoka.

"Anafurahi," nikamweleza sufuria. Maandishi ya njano: *Anajua bibi hafurahi.* Korido ikaburuzika nyuma yetu, na mlango wa Mapenzi ukapasuka ubao.

"Kipindi cha kwanza kimekwisha," akasema sufuria.

Tukatoka. Chumba cha Huzuni hakikuwa mbali tena. Wimbo ukapigwa, tukasimama, tukapepea. Ndani theluji inaanguka juu ya mashine yangu ya fotokopi. Bibi Hanae amelala kwenye benchi, shuka mpaka kidevuni. Ni yule yule. Hata mkono umevimba vile vile.

"Huyu amekufa?" nikauliza.

"Nusu," akasema sufuria. "Watu arobaini na mmoja wamemlilia. Mmoja aliyemfuata tangu kipindi cha kwanza hajaambiwa. Hawezi kumaliza."

"Basi mwache hapo hapo mpaka kesho. Kesho jioni nitamwambia mama mwenyewe. Jicho likishafanywa."

Nilidhani hilo ni neno la busara. Maandishi yakatoka: *Hata kesho hatamwambia. Wala keshokutwa.* Nikayapiga kofi. Yakagawanyika, yakarudi. Korido iliruka kwa nguvu hata theluji ikamwagika mlangoni, na sufuria akashika mfuniko wake.

"Cha pili kimekwisha. Na sasa imebaki njia ya hatua nne," akasema. "Kwa hiyo amefika."

"Nani amefika?"

"Aliyekuwa mwisho wa korido."

Nikageuka. Mama yuko kwenye kitanda cha magurudumu. Amevaa gauni la kijani la hospitali na ameufunga mtandio wake wa Idi. Bi Zaina ndiye anayesukuma. Mimi ndiye niliyemleta. Kila uwongo wangu ulikuwa umemvuta hatua kumi.

"Saumu?" mama akaita.

"Abee mama."

"Mbona hapa pana baridi?"

"Ni feni, mama."

Hatua nne zikawa tatu.

Daktari anaingia. Ananitisha kabla hajasema kitu, maana namfahamu: ni shujaa wa *Upanga wa Nusu Mwezi*, nafasi ya kwanza, aina ya Mapigano. Amevaa barakoa na glavu. Tabia yake, kila anapotaka kupiga, sharti kwanza alitangaze jina la pigo lake kwa sauti kubwa. Ndicho nilichomsifia kwenye orodha.

"Daktari," namwambia, "kwa hisani yako, usipige kelele. Mama ana presha."

"Siwezi," anasema kwa upole. "Nisipotaja jina, kisu hakikati. MKATO WA NUSU MWEZI, MTINDO WA..."

"Ngoja!"

"Bado mtindo sijautaja."

"Ngoja, daktari, nakuomba!"

Akangoja, kisu juu. Wale wa kundi letu la simu walikuwa wamejipanga ukutani, watu arobaini na mmoja, kila mmoja ameshika karatasi yenye nyota za kunitunuku.

Mama akainua kichwa. "Wee Saumu. Kuna vitu vya njano hapo kiunoni kwako. Ni maandishi?"

"Si kitu, mama." Hatua mbili.

"Mimi naona rangi, usinifanye mtoto. Yameandikwa nini? Nisomee."

Sikuwahi kumnyima mama kusomewa. Kumpunguzia, nimempunguzia. Siku nyingine wakizungumza sana huwa nasema, "Hapo wanasalimiana." Lakini akisema nisomee, nasoma. Nilitazama chini. Maandishi hayakuwa tena ya kwangu. Yalikuwa ya kipindi cha kumi na mbili, mstari kwa mstari, na yanakwenda.

Nikimwambia, atashuka kitandani arudi nyumbani, na hata mwakani hatauona mlango wa hospitali. Nisipomwambia, kitapita kisu juu ya uwongo wangu. Niliogopa vyote viwili sawasawa. Sijawahi kuogopa hivyo nikiwa macho.

"Kipindi cha tatu, raia," alisema sufuria. Hata yeye sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya mjukuu: "Bibi, daktari amesema usishuke kitandani." Nikasoma kwa sauti ya bibi: "Daktari hajui kupika." Nikasoma anavyotoroka hospitali siku ya tatu, anavyofika stesheni kwa treni ya kwanza, anavyowapakulia wafanyakazi wa reli, mmoja mmoja, kila mtu kwa jina lake. Nikasoma anavyokaa kwenye benchi. Nikasoma mjukuu anamwambia, "Bibi, na wewe kula," na bibi hajibu, anatazama treni. Ulibaki mstari mmoja. Nikauona unapanda kutoka sakafuni, mstari wa bibi, wa mwisho kabisa, nami nikafungua mdomo niusome, na wimbo wa kufungia ukaanza. Majina ya Wajapani yakaanza kupanda mbele ya uso wa mama, mengi, meupe, yakamfunika. Nikawa nayasukuma kwa mikono. Nikapiga kelele. Sauti haikutoka.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mama amekaa pembeni ya kitanda changu, keshaoga, keshavaa, kadi ya hospitali iko mapajani.

"Zima jiko, mwanangu," akasema.

"Sijawasha jiko, mama."

"Si wewe. Yule bibi. 'Zima jiko, mwanangu, mimi nimeshiba.' Si ndivyo alivyomalizia?"

Kipindi kile sikukifungua nyumbani hata mara moja. Nilikifuta dukani siku ile ile, kabla sijafunga. Hata kwenye kundi mstari ule sikuuandika, maana kwetu anayetoboa mwisho wa hadithi anafukuzwa. Na Kiingereza cha mama kinaishia kwenye salamu.

"Ndivyo, mama," nikasema. Sauti ilikuwa imenikauka, kama ya mtu aliyesoma kwa sauti usiku kucha.

"Kwa hiyo alikufa."

"Alikufa."

Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, lile la kulia kwanza, halafu lile la kushoto. "Maskini, bibi wa watu. Na supu yote ile." Mimi nilikuwa nasubiri avue viatu.

"Yule alipasuliwa moyo," akasema. "Mimi ni jicho. Inuka uvae, saa mbili wale hawamngoji mtu. Na hicho kipindi ukitafute ukirudishe. Likifunguliwa hili jicho nitakiangalia mwenyewe, na wewe utakaa kimya."