Kabati Lenye Meno

Oyaro hakuwa na cheti cha ufundi. Hakuwa na mashine ya randa, wala kucha kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, wala miwani ya pili ya kutumia ile ya kwanza inapopotea. Na katika miaka thelathini na minane ya useremala pale Sindo, hakuwahi kuwa na kabati lililorudishwa na mteja. Hilo la mwisho alipenda kulitaja mbele za watu.

Kisha kabati la vitabu vya nyimbo alilolitengenezea kanisa lilirudi. Lilibebwa na waimbaji wanne, na mbele yao alitangulia Milka, kiongozi wa kwaya, ameshika joho lake lililochanika.

"Fundi, kabati lako lina meno," alisema. "Limeniuma mkono wa joho Jumapili, kanisa zima likitazama."

Oyaro alipapasa ubavu wa kabati. Ncha za skrubu zilikuwa zimechungulia nje kama miiba, na kando ya kila moja mbao ilikuwa na ufa.

Skrubu hizo alizitia kwa njia mpya. Binti yake Lynnet alikuwa amemletea kifaa cha chuma kinachoongoza drili itoboe tundu la mshazari, ili skrubu iingilie upande wa ndani na isionekane usoni mwa mbao. Kifaa kilikuwa na alama za unene. Oyaro alikiweka kwenye alama ya inchi moja, akachagua skrubu za inchi moja na nusu, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Kwa hiyo aliona kosa si lake. Mbao ilikuwa mbichi. Ilipokauka ilinywea na skrubu zikatokeza. Mbao hiyo aliiuza Matiko.

Matiko alileta mbao za saipresi kwa lori kila mwezi kutoka Kehancha. Oyaro aliandika barua ya kurasa mbili ya kumshtaki, akaipeleka si kwake bali kwa Chama cha Maseremala kilichokutana Ndhiwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Barua ilisomwa mkutanoni, Matiko akiwepo.

"Fundi Oyaro," alisema Matiko, "mbao hiyo uliipima kwa kitu gani? Kwa mdomo?"

"Nilinunua inchi moja kavu. Ukanipa maji."

Watu walicheka. Matiko hakucheka.

"Ilikaa miezi mitano chini ya paa. Marehemu baba aliuza mbao soko hili hili, na hakuna aliyemwita mdanganyifu."

Kura zilipigwa. Katibu, Javan, akaandika kwamba mwanachama yeyote asinunue tena mbao kwa Matiko. Lori likarudi Kehancha limejaa vile vile.

Wiki iliyofuata Oyaro alianza kulivunja kabati ili atengeneze jingine. Mkewe Jedidah alikuwa barazani akilishona joho la Milka, futi ya kitambaa shingoni. Kipande cha mbao kilimwangukia karibu na mguu. Akakiokota, akakipima.

"Baba Lynnet, hii ni mbao gani?"

"Inchi moja."

"Mimi naona nusu."

"Futi yako ya nguo imevutika."

"Ingekuwa imevutika, wateja wangu wote wangevaa magunia. Leta ya kwako."

Alileta futi ya chuma. Ilikuwa nusu inchi, imezidi kwa unene wa kucha.

Oyaro alikaa juu ya boksi. Mbao ikishapasuliwa huitwa inchi moja, na sokoni jina hilo haliondoki. Lakini hii ilipitishwa kwenye mashine ya randa ya kukodi pande zote mbili ili kuondoa kupinda, kisha yeye akaipiga randa ya mkono mara tatu kwa sababu alitaka ing'ae. Baada ya hapo hakuipima. Alikumbuka pia vivimbe vidogo alivyovihisi chini ya msasa siku ya kupaka vanishi. Alijiambia ni vifundo vya mti, si ncha za skrubu, akavisugua mpaka vikalala.

"Mpigie Matiko simu," alisema Jedidah.

"Sikumchafua kwa simu."

"Na chama wakikufukuza?"

"Kadi yao iko kwenye droo. Wataikuta safi."

Alichukua kipande cha mbao ile ile. Alitoboa tundu moja kwenye alama ya inchi, akatia skrubu ndefu, ncha ikatoka. Kando yake alitoboa jingine kwenye alama ya nusu, akatia skrubu ya inchi moja. Alipitisha kiganja juu. Palikuwa laini.

Kisha akamwandikia Javan. *Mbao ya Matiko ilikuwa kavu. Mimi sikuipima baada ya randa, na vivimbe nilivihisi nikavinyamazia. Naomba barua hii isomwe pale pale iliposomwa ile ya kwanza, kwa sauti ile ile, naye awepo. Kipande kilichomo kipitishwe mkono kwa mkono.*

Gundi ya bahasha haikushika juu ya kipande cha mbao. Oyaro alipaka gundi ya useremala, akabana mdomo wa bahasha kwenye jiliwa mpaka ukakauka, halafu akaipeleka stendi kwenye dirisha la vifurushi.

"Ya Ndhiwa? Ndani kuna nini, mzee?" aliuliza karani, kalamu tayari.

"Barua na mbao," alisema Oyaro. "Andika nusu inchi."

Karani aliandika, akaitupa bahasha ndani ya gunia la Ndhiwa.