Aya Iliyokataa Kukaa

Aya ilikuwa imetoweka tena. Rogathe alishuka na kipanya hadi mwisho wa ukurasa, akapanda, akashuka tena, kama mtu aliyerudi mahali alipomfunga mbuzi akakuta kamba peke yake. Sentensi ya juu ilikuwepo: Verediana aliolewa na Nikolausi Margwe, wakajenga Tumati. Ya chini pia ilikuwepo: Kwa miaka mingi alikuwa mkunga wa bonde zima. Katikati yake, pale alipokuwa ameandika kwamba Verediana, mama yake, alifukuzwa na mumewe akiwa mjamzito, hapakuwa na kitu. Sentensi mbili zilikuwa zimesogeleana kwa utulivu, kana kwamba tangu mwanzo hazikuwa na jirani kati yao.

“Kaka,” alisema, “umeifuta.”

Emanuel alikuwa amesimama kwenye mashine ya kutoa kopi, akimhudumia mzee mmoja aliyemleta mkewe hospitali kutoka upande wa Hanang. Hakugeuka.

“Nimefuta nini?”

“Unajua ulichofuta.”

“Rogathe, kuna wateja.”

Duka hilo la kuchapa na kutoa kopi, karibu na stendi ya Haydom, lilikuwa la Emanuel, na kompyuta iliyokuwa ndani yake ndiyo pekee waliyoweza kuitegemea katika ukoo wao. Mama yao alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Familia ilipopanga ibada ya kumkumbuka na kusimika msalaba wa saruji kaburini, ilikubaliwa kwamba Rogathe, mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, aandike kijitabu cha maisha yake. Alianza kabla ya masika. Masika yakiwa katikati, kompyuta ikazeeka ghafla: ikawa inawaka kwa kusitasita na kuzima bila kuaga. Emanuel akamwita fundi Gerald kutoka Babati. Gerald akaondoa mfumo endeshi wa zamani, akaweka mpya, akahamisha mafaili yote, akaondoka akisema sasa mashine imezaliwa upya.

Tangu hapo ndipo aya ilipoanza kukimbia. Mara ya kwanza Rogathe alijilaumu, akadhani alisahau kuhifadhi. Mara ya pili alihakikisha. Hii ilikuwa mara ya tatu, na hakuona tena haja ya kujilaumu. Alikuwa anakumbuka vizuri maneno ya kaka yake alipomsomea rasimu: “Mambo ya ndani ya boma hayaingii kwenye kitabu cha ibada. Watu watakula pilau huku wakimsema baba.”

Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Njia nzima ya kurudi nyumbani hasira ilimtembea mwilini kama homa. Alikuwa amekaa kwenye misiba mingi ya wanawake wa huku, akasikiliza wasifu mwingi ukisomwa, na karibu wote ulikuwa na neno moja: mvumilivu. Marehemu alikuwa mama mvumilivu. Alivumilia nini? Hilo halikusomwa kamwe. Jeraha lilifichwa, kovu likasifiwa. Mama yake alizika watoto wawili wachanga mfululizo, na badala ya kupewa pole akaambiwa tumbo lake lina mkosi. Akafungiwa mlango na mume aliyekuwa akiongoza sala kila Jumapili. Akatembea kutoka Tumati hadi Endasak, kwa mjomba, akiwa na mimba ya Rogathe. Aliporudi miaka kadhaa baadaye, mtoto akiwa anatembea na kusema, hakuna aliyemwomba radhi. Akawa anazalisha wake za wale wale waliomwita mwenye mkosi. Na sasa hata kwenye karatasi chache zilizobeba jina lake, wanaume wa boma lile walikuwa wamemfungia mlango tena!

Jumapili baada ya ibada, ndugu walikusanyika Tumati, kwa shangazi Paskalina, kupanga mambo ya msalaba. Rogathe alingoja mpaka chai ilipomiminwa. Kisha akasimama.

“Shikamoo, shangazi. Shikamooni, wakubwa wangu. Nina neno. Kazi mliyonipa siwezi kuimaliza, kwa sababu ninachokiandika mchana, kaka yangu anakifuta nikitoka.”

Vikombe vilitulia. Shangazi Paskalina, aliyekuwa dada mdogo wa marehemu baba yao Nikolausi na ambaye sasa neno lake ndilo lililofunga vikao, alimtazama Emanuel.

“Ni kweli?”

Emanuel alikuwa ameinamia mikono yake. Rogathe alitamani akane, ili amjibu. Alikuwa ameyaandaa majibu yake kwa muda mrefu, yote yakiwa makali.

“Sina la kusema, shangazi,” alisema.

Jibu hilo likapokelewa kama kukiri. Mzee mmoja akaguna. Shangazi akaamua kwamba kijitabu kichukuliwe, kikachapwe Babati, na Emanuel asikiguse tena. Rogathe aliketi akiwa ameshinda, na chai yake ilikuwa imepoa.

Lakini ushindi ule haukumtosha. Alitaka ushahidi. Alimpigia Gerald simu, na kwa kuwa fundi huyo alikuwa na kazi nyingine Haydom, wakakutana dukani. Emanuel alipowaona wakiingia pamoja alivuta kiti chake akaenda kukaa nje barazani, akiwaachia mashine na duka.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema Gerald.

“Marahaba. Nataka unionyeshe nani amekuwa akifuta maandishi yangu, na lini.”

“Kompyuta haitaji jina la mtu, mwalimu. Itakwambia lini faili lilibadilishwa, basi.”

“Nionyeshe hiyo lini.”

Gerald alibonyeza alama ya faili pale kwenye uso wa kompyuta, ile aliyokuwa akiitumia Rogathe kila siku, akatazama tarehe. Akakunja uso.

“Faili hili halijaguswa tangu nilipoweka mfumo mpya.”

“Halijaguswa vipi? Nimeliandika mara tatu!”

“Tarehe ndiyo hiyo.”

“Basi tarehe inadanganya. Tafuta kwa jina. Tafuta kompyuta nzima.”

Gerald alisita kidogo, kwa namna ya mtu anayeona kazi yake inakaguliwa, kisha akaandika jina la faili kwenye kisanduku cha kutafutia. Mashine ikafikiri. Halafu kwenye kioo yakatokea mafaili mawili, yamekaa juu na chini, jina moja, herufi kwa herufi.

“Haiwezekani,” alisema Gerald. “Nilihamisha vizuri.”

Rogathe alimwondoa kwenye kiti kwa mkono. Alifungua faili kwa alama ile ya siku zote, akaandika neno moja tu, mama, akabonyeza kuhifadhi. Kikatokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza. Kidole chake kikaelekea kwenye kitufe cha kukubali, kikiwa na haraka ya mazoea. Gerald akamzuia.

“Soma kwanza.”

Alisoma. Kisanduku kilikuwa kinasema kwamba faili lile ni la kusoma tu, kwa hiyo haliwezi kuandikwa juu yake. Kilipendekeza kuliweka kwenye folda nyingine, kwa jina lilelile. Alikubali. Kikaja kisanduku cha pili: lilikuwepo tayari faili la jina hilo, je, libadilishwe? Alikikumbuka. Alikuwa amekibonyeza ndiyo, ndiyo, bila kukitazama, kama anavyofukuzwa nzi. Safari hii akabonyeza hapana.

“Nimeelewa,” alisema Gerald kwa sauti ya chini. “Nilipohamisha, mafaili ya zamani yaliingia kwenye folda yake yakiwa yamefungwa. Alama hii inafungua lile la zamani. Ukihifadhi, maandishi yako yanakwenda kwenye folda mpya. Kesho ukirudi unafungua lile lile la zamani, unakuta halina aya. Mwalimu, hakuna aliyefuta. Ulikuwa unaandika huku, yanakaa kule.”

Alifungua lile la pili. Aya ilikuwepo, nzima, kila nukta mahali pake. Alipofungua folda yenyewe wakaona kwamba kazi za wateja nazo zilikuwa zimezaa mapacha: barua za maombi, mialiko ya harusi, kila kilichoguswa tangu siku ile.

“Hukutuambia!” Rogathe alisema. Sauti yake ilipanda mpaka mpita njia akageuka. “Ulikuja, ukachukua chako, ukatuachia nyumba yenye milango miwili, hukusema hata neno moja!”

“Sikujua yamefungwa, mwalimu. Na ninyi mliona visanduku, hamkuniuliza.”

“Nimemsimamisha kaka yangu mbele ya ukoo, Gerald! Kwa ajili ya folda!”

Gerald alitazama chini. “Mimi nilihamisha mafaili tu, mwalimu,” alisema, na ilikuwa kweli.

Fundi alifungua lililofungwa, akaondoa alama ya zamani, akaweka nyingine inayoelekea kwenye faili lenye aya. Aliuliza kama afute lile la kwanza. Rogathe akamwambia aache kwanza. Gerald akakusanya vifaa vyake, akaenda kwenye kazi yake nyingine, na duka likabaki na mlio wa feni ya kompyuta.

Barazani, Emanuel alikuwa anatazama basi la Babati likishusha watu. Wanaume wawili walimteremsha mgonjwa kwa uangalifu, mmoja kwapani, mwingine miguuni. Rogathe akasimama nyuma ya kaka yake.

“Kaka, hukufuta.”

“Sikufuta.”

“Kwa nini hukusema pale kwa shangazi? Umeniacha nikuaibishe bure!”

“Ungeniamini?”

Emanuel akamgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama usoni.

“Sikuigusa aya yako, Rogathe. Lakini kila uliposema imepotea, nilifurahi. Sasa ningesema nini mbele ya shangazi? Kwamba sina hatia?”

Hasira ilimrudia Rogathe upesi, karibu imfariji. “Ulifurahi! Mama alifungiwa mlango kama mbwa, na wewe ulifurahi isijulikane! Wewe ulikuwa ndani, kaka. Ulikuwa mkubwa wa kutosha. Mimi nimeandika kwamba hakuna aliyemsindikiza hata hadi njiani, na hilo ndilo linalokuuma.”

“Ndiyo,” alisema Emanuel. “Hilo ndilo linaloniuma. Kwa sababu si kweli.”

Rogathe alimsogelea.

“Nilimfuata. Baba alikuwa amenikataza, nikapitia zizini. Nikamfikia bondeni, kule chini kwenye mabwawa ya kunyweshea mifugo. Nikashika kitenge chake. Akaniambia rudi, nikakataa. Akaenda, nikaenda. Akageuka, akaokota kitu chini, akanirushia. Nikasimama. Akaenda, nikaenda tena. Akanirushia tena, safari hii kikanipata hapa.” Aligusa juu ya sikio. “Nikarudi. Miaka yote aliyokuwa Endasak nilidhani mama amenikataa. Aliporudi amekushika mkono nilikuchukia, mdogo wangu. Sikuwahi kumuuliza. Alivyozeeka nikawa nasema nitamuuliza kesho.”

Kwenye stendi kondakta alikuwa anaita abiria wa kurudi. Rogathe aliketi barazani, kwenye saruji, magoti yake yakigusana na ya kaka yake. Alikuwa amekuja na hasira iliyokuwa na jina na sura. Sasa hakujua aielekeze wapi. Kwa baba, aliyekuwa udongoni? Kwa mama, aliyemwokoa mtoto mmoja kwa kumpiga, asife njaa njiani na yule aliye tumboni? Haikuwa imepungua, ile hasira. Ilikuwa imepanuka tu, ikamkuta hata kijana yule mdogo aliyerudi peke yake kupitia zizini.

“Njoo uandike,” alisema.

“Mimi si mwalimu.”

“Njoo uandike, kaka. Mimi sikuwepo.”

Emanuel aliingia akakaa mbele ya kioo. Aliisoma aya ya dada yake polepole, midomo ikitembea, na alipofika kwenye sentensi ya kwamba hakuna aliyemsindikiza, akaifuta mwenyewe, herufi moja moja, Rogathe akitazama bila kumzuia. Kisha akaanza kuandika kwa vidole viwili. Mteja alichungulia mlangoni akiwa na karatasi za kutoa kopi. Rogathe akamwonyesha benchi kwa mkono, asubiri.

Katikati ya sentensi vidole vya Emanuel vilisimama.

“Niandike alinirushia mawe?”

“Yalikuwa mawe?”

Aligusa tena juu ya sikio.

“Yalikuwa mabonge ya udongo. Mawe yalikuwepo mengi pale, hakuyaokota.” Akaondoa vidole kwenye vitufe. “Mpaka leo nilikuwa nasema mawe.”

“Andika udongo,” alisema Rogathe.