Fumbeni Macho

Wanawake wa chumba cha kushonea walimwita binti wa mwenzao Daktari tangu alipoingia mwaka wa kwanza wa saikolojia. Walikuwa wanamtania, lakini yeye akalizoea jina mpaka akaanza kuliamini. Sasa yuko mwaka wa tatu, anatafiti kama mazoezi ya kupumua na kutuliza mawazo yanawasaidia watu waliobomolewa nyumba. Watu gani hao? Majirani zake mwenyewe, jamani. Na mama yake, fundi cherehani, alikaa kiti cha mbele kabisa, kilemba kimepigwa pasi.

Siku hiyo mhadhiri alikuja chumbani humo kumtazama akifanya kazi. Akiridhika, utafiti utaendelea; asiporidhika, binti ataanza upya na mwaka wake umekwenda na maji. Basi akajikaza kisabuni, akawasomea haki zao: mtu yeyote anaweza kujitoa wakati wowote, bila kuulizwa kitu. Wakaitikia. Akafunga mlango kuzuia kelele za nje, akawaambia waweke mikono mapajani na wafumbe macho.

Wengi walifumba nusunusu, wakichungulia. Hilo alilitegemea, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama peke yake ndiye aliyefumba kabisa, na binti alifurahi mpaka akasahau kujiuliza kwa nini. Mama huyu, ambaye tangu bomoabomoa alilala ameketi, mgongo ukutani, uso mlangoni, leo amefumba macho mchana kweupe.

Nje lori likaanza kumwaga kokoto.

Mama hakufumbua. Vidole vyake viling'ang'ania sketi, midomo ikapauka, jasho likamtiririka shingoni. Binti akamgeukia mhadhiri, naye akamwashiria kwa kalamu aendelee: mwongozo wa mazoezi hayo unasema hofu iachwe ipande, ishuke yenyewe. Ni kweli unasema hivyo, binti mwenyewe aliunukuu. Akasema vuta pumzi, toa pumzi, na mama yake havuti wala hatoi.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunaambiwa. Na uchungu wa mzazi je, nani aujue? Potelea mbali mwaka. Aliusukuma mlango ukagonga ukuta, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, fumbua. Nimesimamisha. Yamekwisha."

Mama alifumbua, akatazama ukuta kwanza, kisha dari, kisha mwanawe. Wenzake waliinamisha vichwa, maana walijua kinachokuja.

"Siku ile nilikuwa nimejilaza na mdogo wako," alisema. "Nikasema nifumbe macho kidogo tu."

Binti alikuwa shule ya bweni wakati ule. Miaka yote aliambiwa kwamba mama alikuwa sokoni ukuta uliobomolewa ulipomwangukia mtoto na kumuua, na mtaa mzima uliilinda hadithi hiyo mbele yake.

Mhadhiri alifunga mkoba wake, akasema watazungumza chuoni, akatoka. Binti alikuwa analia kwa hasira, akimuuliza mama yake kwa nini hakujitoa, na hali alimsomea wazi, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba anaweza.

"Mwalimu wako alikuwa anatazama," mama akasema, akimfuta machozi kwa kiganja kilicholowa jasho. "Hawa wengine wanaweza kujitoa. Mimi nijitoe kwako, niende wapi?"