Mahali Kibao Kilipoelekea

Kitu cha kwanza kumchefua Shamsia Maftah pale kijijini kilikuwa kikaango. Alikikuta nje ya kibanda cha mama ntilie, mwanamume mmoja akichomea zebaki humo ili ibaki dhahabu, moshi ukimwingia puani naye hana habari. Alipomaliza alikifuta kwa kipande cha gazeti akamrudishia mwenyewe, na mwenyewe akakaangia mayai. Shamsia alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu atoke Mugumu, na siku hiyo alishinda na njaa yake.

Rashi ya dhahabu ilikuwa imelipuka miezi michache tu nyuma, hapo jirani na Nyakunguru. Mtu alikuwa anachimba choo akaokota jiwe lenye rangi, na kabla choo hakijaisha kijiji kizima kilikuwa kimegeuka mashimo. Maduara, ndiyo hayo mashimo ya dhahabu, yalichimbwa ovyo, yakabomoka ovyo, na waliofukuliwa wakiwa bado wanapumua walipakatwa kwenye bodaboda hadi zahanati ya nesi Agustina. Hapo Agustina alihitaji daktari wa Tarime mjini amwone mgonjwa kwenye kioo cha simu na kumwelekeza la kufanya. Lakini simu za pale zilipenda kunasa mitandao ya Kenya. Mtu anakata roho Tarime, simu yake inamkaribisha nchi jirani. Antena iliyokuwa juu ya paa la zahanati nayo haikusaidia, ndiyo sababu Agustina alimwita Shamsia, fundi wa mitambo ya mawasiliano, aje atengeneze mpya.

Ng'ambo ya bonde, kilimani kwa Bibi Teresia, palikuwa na nguzo yenye kifaa cha kupokea mawimbi ya zahanati na kuyasukuma hadi Tarime mjini. Teresia alikuwa mjane, na alitoa kona ya uwanja wake bure, pembeni kabisa ya kaburi la mumewe.

"Shikamoo bibi," Shamsia alimsalimu alipokwenda kuikagua nguzo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kitu cha zahanati kitaelekea wapi hasa?"

"Hapa hapa kwenye nguzo yako. Pembeni ya babu."

Bibi akalitazama kaburi, akaitikia kwa kichwa taratibu. Shamsia alimpenda palepale. Katika kijiji ambacho watu walikuwa wanauza hata njia za kupita, alikuwa amempata mtu mmoja aliyetoa kitu bila kuuliza atapata nini.

Ugonjwa wa antena ya zamani haukumsumbua kuujua. Ilikuwa na kibamba kimoja cha shaba juu ya bodi, na kibamba kimoja kinasema na kusikiliza pande zote za mbele yake, kama mlevi kilabuni. Kilisikia nguzo ya Teresia, kikasikia na vifaa vya intaneti vya kila banda la video na kila duka la simu. Dawa yake ni kupanga vibamba vingi kwenye kibao kimoja, kwa nafasi zilizopimwa, na kila kimoja kulishwa kwa kinjia cha shaba chenye urefu uleule, ili mawimbi yatoke kwa mguu mmoja. Hapo yanaongezana upande mmoja na kuuana pande nyingine. Ukikosea urefu wa kinjia kimoja tu, kibao kinatazama kwingine.

Alikichora kibao chake nyuma ya zahanati, akakilaza kwenye beseni lenye asidi inayokula shaba isiyotakiwa. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa yeye hakujua. Kijiji kile kiliijua asidi kwa kazi moja tu. Mtu akionekana na beseni, asidi na kitu kinachong'aa, ana dhahabu au anaitafuta. Vijana walianza kupita pale bila shughuli. Hata Waitara mwenyewe, tajiri wa maduara, alikuja kuchungulia, akanusa, akaondoka anatabasamu.

Siku ya kukifunga kibao, Shamsia alipanda juu ya paa la zahanati, macho kwenye mita, akawa anakigeuza kidogo kidogo. Huku hakuna. Huku kidogo. Kibao chenye mwelekeo mkali hakisamehe, ukiteleza kidogo umelikosa lengo. Mara namba zikapanda, akasahau kwamba yuko juu ya paa.

"Hapo!" alipiga kelele. "Hapo hapo!"

Agustina ndani akamwona daktari wa Tarime, akapiga vigelegele. Chini, watu hawakumtazama Agustina. Waligeuza shingo kufuata kibao kinakoelekea, ng'ambo ya bonde, hadi kwa Bibi Teresia.

Asubuhi yake kilima kilikuwa kimefunikwa na watu. Muhogo wote wa Teresia ulikuwa umeng'olewa na kutupwa, ua umelazwa chini, choo kimebomolewa, na wanaume walikuwa wanajisaidia palepale walipokuwa wanachimba ili mwingine asiwachukulie nafasi. Shamsia alifika mbio akaziba pua kwa mtandio. Katikati ya uchafu ule Bibi Teresia alikuwa amekaa juu ya kaburi la mumewe, miguu ameinyoosha, jembe mapajani, akimtukana kwa Kikurya kila aliyesogea. Kaburi hilo ndilo pekee lililobaki bila kuguswa.

"Ni antena!" Shamsia alipaza sauti hadi ikakwaruza. "Ya mawasiliano ya zahanati! Haipimi dhahabu!"

Walimcheka. Waitara alimvuta pembeni, jasho la jana likimnuka.

"Fundi, tusidanganyane. Nani anamwaga asidi yake bure? Waambie hawa wanipishe mimi hapo kwenye kaburi, na wewe utakuwa na fungu lako."

"Ni kaburi la mtu, mzee Waitara."

"Amekufa huyo. Anatumia nini?"

Shamsia alitema mate chini, kitu ambacho mama yake angemchapa kwa kukifanya mbele ya mtu mzima. Aliwatazama watu wale, aliokuja kuwatafutia daktari, na akaona kwamba mchana hautafika kabla hawajamwondoa bibi yule kwa nguvu na kumfukua mumewe. Ukweli ulikuwa umeshindwa. Akashuka kilima, akavuka bonde, akapanda tena juu ya paa.

Alijua akikigeuza kibao Agustina atampoteza daktari. Alikigeuza. Alifanya polepole, mita mkononi, akihakikisha wanamwona toka kule kilimani. Akakipitisha juu ya soko, juu ya kanisa, akakisimamisha kikiwa kinatazama zizi la ng'ombe la Waitara.

"Hapo!" alipiga kelele. "Hapo hapo!"

Ilimtia aibu jinsi ilivyokuwa rahisi. Kilima kilimwagika chote. Walipita chini ya paa wakikimbia, masururu mabegani, na nyuma yao Waitara, anahema, kofia mkononi.

"Jamani, ni antena!" alikuwa analia. "Ni ya mawasiliano ya nesi! Haipimi kitu!"

"Mura," mmoja alimjibu bila kusimama, "asubuhi ilikuwa inapima."

Shamsia alicheka peke yake hadi ng'ombe wa kwanza walipotoka zizini wanapiga mbio. Akakaa kidogo, akaona kila aliyekuwa na sururu amezama kule kwa Waitara, kisha akavuka bonde kwenda kumpa bibi pole. Baadaye angetafuta pipa la plastiki la kukifunikia kibao, kwa kuwa plastiki haizuii mawimbi, akirudishe kwenye nguzo bila mtu kuona kinatazama wapi.

Uwanja ulikuwa kimya. Bibi Teresia hakuwa juu ya kaburi. Alikuwa ndani yake hadi kiunoni, amefunga kanga kifuani, anachimba. Pembeni palikuwa na mifupa imefungwa vizuri kwenye kitenge kipya, na karai la maji lenye tope.

Shamsia alisogea hadi ukingoni mwa kaburi.

"Bibi," alisema. "Nilikwambia ni antena."

"Nilikusikia."

"Nimewaondoa wale ili wasimguse babu."

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu." Teresia alichota udongo, akaumimina kwenye karai, akaanza kuliyumbisha kwa mikono iliyozoea. "Walikuwa wengi mno. Ningepata nini mimi?"

Akainua macho, akaona Shamsia bado amesimama palepale, mkono mdomoni.

"Shuka basi unisaidie," alisema. "Mgongo unaniuma."